Choki ya Kwale, Choki ya Kanga na Choki ya Majigambo

Ukitaka kumjua mwindaji ambaye hajawahi kuipima bunduki yake, muulize mtutu wake umebanwa kiasi gani. Atakujibu "choki kamili" kabla hujamaliza swali. Muulize kwa nini. Atasema inapiga mbali. Muulize mbali ni wapi. Hapo atakuonyesha mti kwa kidole, na mti huo husogea nyuma kila mwaka anaposimulia.

Mwongozo huu ni wa bwana huyo, pamoja na majirani zake wanaomwamini. Nitamcheka waziwazi, maana kumwambia kwa upole kumeshindikana, lakini kila agizo nitakalompa nalisimamia kwa miguu miwili. Kwale akiondoka na marisawa mawili tumboni, huenda kufia kichakani polepole, na hakuna atakayemfaidi isipokuwa siafu. Kwa ajili ya kwale huyo, mtu mzima mwenye bunduki anastahili kuambiwa ukweli.

Kabla ya choki, kibali. Leseni ya kumiliki shotgani haikupi ruhusa ya kuwinda hata hua mmoja. Tanzania kibali cha kuwinda hutolewa na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, nacho usikisome juu juu: tazama aina ya ndege, idadi na eneo. Kenya ilifunga uwindaji wa wanyama mwaka 1977, na aliye huko aanzie KWS, shirika la wanyamapori la huko, kabla hajaigusa bunduki. Mwenye kuona sehemu hii inamchosha asiendelee kusoma. Choki yoyote atakayochagua itakuwa mbaya.

Sasa choki yenyewe. Kwa kelele inayopigiwa, ni kitu kidogo mno. Mtutu wa geji 12 una upana wa ndani wa milimita 18.5 hivi. Katika sentimita chache za mwisho, karibu na mdomo, kiwanda huupunguza upana huo. Ukipunguzwa robo milimita, mtutu umebanwa kidogo tu. Ukipunguzwa nusu milimita, hiyo ni nusu choki. Ukikaribia milimita moja, ndiyo choki kamili. Usipopunguzwa kabisa, mtutu unaitwa silinda, na gobore la babu yako liko kundi hilo. Ugomvi wote wa barazani, pamoja na dharau wanayotupiwa wenye mitutu iliyo wazi, umo ndani ya milimita moja.

Kazi ya mbano huo ni kuamua marisawa yatatawanyika upesi kiasi gani yakishatoka. Hauyaongezei nguvu ya maana. Marisawa ya namba 6 hutoka mdomoni kwa mwendo wa mita 370 hivi kwa sekunde, na yakifika mita 36 yamebakiwa na karibu nusu ya mwendo huo, choki iwe ya aina yoyote. Kwa hiyo bwana wa choki kamili anaposema bunduki yake "ina nguvu", anasifu kitu ambacho choki haikumpa. Alichopewa ni marisawa yaliyobaki karibu karibu kwa muda mrefu zaidi. Hicho ni kitu kizuri ndege akiwa mbali. Ndege akiwa karibu, ni balaa.

Tazama hesabu. Mafundi hupima choki kwa kupiga karatasi iliyo yadi 40, yaani mita 36 na nusu hivi, kisha huchora duara la upana wa sentimita 76 na kuhesabu matundu. Silinda huingiza kiasi cha asilimia 40 ya marisawa yake humo, mtutu uliobanwa kidogo 50, robo choki 55, nusu choki 60, robo tatu 65, na kamili 70. Mwenye choki kamili akiona hiyo 70 hufurahi na kufunga kitabu. Angefungua ukurasa unaofuata angekuta habari za mita 18. Kwa umbali huo silinda imekwisha kutawanya marisawa yake kwa upana wa sentimita 80 hivi. Choki kamili ingali imeyafumbata ndani ya sentimita 40. Kwale anayeruka mbele ya miguu yako utamfyatulia hapo hapo, kwenye mita 18 au 20. Ukiwa na choki kamili, mambo mawili tu yanawezekana: umkose kabisa, au umpate barabara ukamletee mkeo kitoweo chenye marisawa mengi kuliko nyama. Yeye ndiye atakayeyatoa kwa ncha ya kisu, na atakachosema jikoni utakuwa umekistahili.

Chimbuko la kupenda mbano mkali si la ajabu. Mwaka 1866 William Rochester Pape, fundi wa bunduki wa Newcastle, alipata hataza iliyohusu kubana mdomo wa mtutu. Upande wa Marekani, sifa nyingi alipewa Fred Kimble wa Illinois, mwindaji wa bata wa kuuza sokoni, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1860 alitengeneza mitutu ya kupiga bata walioruka juu sana. Kisha W. W. Greener wa Birmingham akaiendeleza kazi hiyo na kuitangaza, na katika mashindano ya mwaka 1875 huko London mitutu iliyobanwa ikaishinda ile iliyo wazi mbele ya macho ya watu. Ushindi ule ulikuwa wa haki, na ulipatikana kwenye shabaha za mbali. Kimble alihitaji bata wa mbali kwa sababu alilipwa kwa idadi. Wewe umekwenda porini kutafuta kwale watatu wa chakula cha Jumapili, nao wamelala kwenye nyasi hatua kumi kutoka ulipo. Usiazime dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Basi chagua kwa kumtazama ndege na namna anavyoondoka.

Kwale huganda chini mpaka karibu umkanyage, kisha hulipuka kwa kishindo cha mbawa na kunyooka chini chini kabla ya kutua tena. Muda wako wote ni pumzi moja. Hapo mtutu uliobanwa kidogo, au robo choki kama nyasi ni chache, ndio unaofaa, na marisawa ya namba 6 au 7. Anayekwenda kwa kwale na choki kamili anajinyima nusu ya upana wa shabaha yake kwa hiari, halafu jioni anasema kwale wa siku hizi wamekuwa wajanja.

Kanga ni hadithi nyingine, na ndiye ndege anayewaumbua wengi. Ni mzito, hufika kilo moja na nusu, manyoya yake yameshikana, na akili yake yote iko miguuni. Kundi la kanga likikuona halirukii angani kukufurahisha. Linakimbia, linapita kichaka cha kwanza, linapita cha pili, nawe nyuma yake na jasho. Hapo ndipo bwana wetu huchoka heshima na kulipiga kundi zima likiwa chini, linakimbia, mita 50. Anawaangusha wawili na kuwajeruhi watano, kisha anawataja wale wawili. Usifanye hivyo. Wakimbize kundi livunjike. Kanga waliotawanyika hujificha kwenye nyasi mmoja mmoja na kutulia, na ukirudi taratibu utawarusha kutoka karibu. Nusu choki inatosha kabisa, na marisawa makubwa kidogo, namba 5 au 4, yanayoweza kupenya manyoya yale. Ama kuwamulika kwa tochi usiku wakiwa wamelala mtini, huo si uwindaji na sheria imeukataza. Sina choki ya kumshauri mtu huyo.

Namba hizi za marisawa nazo zina mtego. Kadiri namba inavyopanda, punje inapungua, lakini nchi hazikubaliani. Namba 6 ya Marekani ni milimita 2.8 hivi, ya Uingereza ni 2.6. Gramu 28 za ile ya Marekani zina punje kama 225. Za Uingereza zina kama 270. Soma milimita kwenye boksi, si namba peke yake. Muuzaji akikwambia "zote ni sita tu", mshukuru na usome mwenyewe.

Kwa firigogo nitakaa kidogo, kwa kuwa ndege huyu ana haki ambayo wengi hawaijui. Aina kadhaa za firigogo wa nchi kavu za kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya hushuka kunywa maji asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, kundi baada ya kundi, kwa mwendo wa kasi na sauti zinazotangulia. Wakati wa kulea, dume huingia majini na kulowesha manyoya ya kifua na tumbo, ambayo yameumbwa kunyonya maji, kisha huruka kilomita nyingi kurudi kwa vifaranga wanaonyonya matone kwenye manyoya yale. Ukimpiga anapoondoka kisimani na kifua kimelowa, umeua na vifaranga ambao hukuwaona. Kwa hiyo kaa mbali na maji, si ukingoni. Piga wanaokuja, waache wanaoondoka, na ukishapata wachache uliopewa kwenye kibali, ondoka ili wengine wanywe. Ukikaa vizuri watapita kwenye mita 25 au 30, na robo choki au nusu choki yenye marisawa ya namba 7 itakutosha. Wanaosema firigogo anahitaji choki kamili mara nyingi wanapiga nyuma yake. Ndege huyu anakwenda mbio kuliko anavyoonekana, na choki haifundishi mtu kutangulia mbele ya shabaha.

Hua hawana siri. Wakija shambani kwenye mtama uliovunwa, mtutu uliobanwa kidogo na punje ndogo vinafaa. Usiwapige wakiwa kwenye waya wa umeme.

Bata wa majini ndiye anayestahili mbano zaidi, kwa sababu hupita juu na mbali. Hata hivyo, hapa kuna jambo zito kuliko choki. Marisawa ya madini ya risasi yakizama kwenye tope, bata huyameza akidhani ni vijiwe vya kusagia chakula, na sumu humuua taratibu. Marekani ilikataza marisawa hayo kwa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya umeyakataza kwenye ardhi oevu tangu Februari 2023. Mimi naona mwindaji wa bata asingoje kulazimishwa: atumie chuma. Marisawa ya chuma hayapondeki yakiwa mtutuni, hivyo hushikana zaidi hewani. Nusu choki ya chuma hufanya kazi inayokaribia choki kamili ya madini ya risasi. Chagua punje kubwa kwa namba mbili kuliko ulizozoea, maana chuma ni chepesi, na usipitishe chuma kwenye choki kamili. Ugumu wake unaweza kuuvimbisha mtutu. Bunduki ya zamani yenye mitutu miwili uliyorithi usiilishe chuma kabisa, hadi fundi wa bunduki aikague na kukuruhusu.

Utajuaje mtutu wako umebanwa kiasi gani? Bunduki ikiwa tupu na imevunjwa, yaani imefunguliwa, tazama alama chini ya mtutu au ubavuni. Nyingi za Ulaya zina nyota. Na hapa ndipo watu wazima wanapoaibika, kwa sababu wamezisoma nyota hizo kama za hoteli. Nyota moja ndiyo choki kamili, tatu ni nusu, nne ni mbano mdogo, na mwenye nyota tano ana silinda. Mirija ya kukaza, ile mifupi yenye nyuzi inayoingia mdomoni mwa mtutu, huwa na vijikato kwenye ukingo kwa hesabu hiyo hiyo: kikato kimoja ni kamili, vitano ni silinda. Vijikato hivyo vina faida kubwa, kwani unavisoma bila kuuchomoa mrija. Usipoona alama yoyote, usikisie kwa jicho wala usichungulie mdomoni. Mpelekee fundi wa bunduki apime upana wa ndani na upana wa mdomo. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo choki yako. Na usishangae ukikuta bunduki ya zamani ya mtutu mmoja imebanwa kamili. Bunduki nyingi za aina hiyo zilitoka kiwandani hivyo, wala si ishara kwamba wewe ulichaguliwa na mababu kupiga mbali.

Alama nayo ni ahadi tu. Ukweli uko kwenye karatasi. Nunua karatasi za kaki au fungua mifuko ya saruji iliyokwisha, uiunganishe hadi upate mraba wa mita moja na robo. Itundike mahali palipo salama, penye kilima au tuta nyuma yake, na watu wajue unapiga. Weka nukta nyeusi katikati. Kisha usiende kwenye mita 36 kwanza. Nenda kwenye umbali unaopigia ndege wako kweli. Kama ni kwale, mita 20. Lenga nukta, fyatua mara moja tu kwa karatasi moja, badilisha karatasi, rudia. Karatasi moja haisemi kitu; tatu au nne zinaanza kusema.

Sasa ukae chini na kalamu. Tafuta kwa macho mahali matundu yalipojaa zaidi, hata kama si penye nukta, uweke kidole hapo. Funga kalamu kwenye uzi wa sentimita 38, zungusha, upate duara la sentimita 76. Hesabu matundu yaliyomo, ukipiga alama kila tundu ulilolihesabu usije ukarudia. Kisha fungua risasi moja ya aina hiyo hiyo, mimina marisawa kwenye sahani na uyahesabu nayo. Gawanya. Umepata asilimia yako, na hakuna tena haja ya kubishana na mtu. Asilimia isikulevye, lakini. Kata kwale wa karatasi mwenye ukubwa halisi, kiwiliwili peke yake bila mbawa, umtembeze ndani ya duara. Kama kuna mahali anapopita bila kupata matundu manne au matano, hapo ndipo kwale wa kweli atakapopita akiwa amejeruhiwa. Mtutu ule haufai umbali ule na risasi ile. Jaribu choki nyingine, au risasi nyingine. Mara nyingi kubadilisha risasi peke yake hurekebisha mambo, na ni rahisi kuliko kununua bunduki ya pili ya kuonyesha wageni.

Tazama pia duara lako liko wapi. Likiwa limekwenda kushoto kwa shubiri nzima, tatizo ni kitako au namna unavyoiegemeza bunduki shavuni, wala si choki. Wengi wamebadilisha choki kwa miaka kwa kosa la kitako.

Mwenye mitutu miwili ana bahati, ikiwa anajua kuitumia. Kwa bunduki ya mitutu iliyolala sambamba, kifyatulio cha mbele kwa kawaida hupiga mtutu wa kulia, ulio wazi zaidi, na cha nyuma hupiga wa kushoto, uliobanwa zaidi. Ndege anayekukimbia unampiga kwanza kwa ulio wazi, na akiendelea kwa uliobanwa. Ndege anayekujia, kama firigogo, ni kinyume chake: uliobanwa kwanza, akisogea ulio wazi. Watu hununua bunduki hii kwa bei kubwa, halafu hubonyeza kifyatulio cha mbele maisha yao yote kwa sababu ndicho kidole kinachokifikia.

Kuhusu umbali, acha kuutaja, anza kuupima. Kila ndege anapoanguka, hesabu hatua zako kutoka uliposimama mpaka alipo. Baada ya msimu mmoja utagundua kwamba ile mita 45 unayoisimulia ilikuwa mita 25, na choki utaichagua bila msaada wangu. Tambarare hudanganya macho, hasa jua likiwa chini. Na kumbuka kwamba marisawa yaliyokosa ndege hayaishi hapo. Namba 6 inaweza kufika zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka, choki iwe wazi au kamili, nako kwenye nyasi kuna watoto wanaochunga mbuzi. Ndege akiruka chini ya kiwango cha kichwa cha mtu, mwache. Usipomwona aliye nyuma yake, mwache pia.

Ukimaliza, safisha. Mirija ya kukaza ichomolewe, nyuzi zipanguswe na kupakwa grisi kidogo, irudishwe na kukazwa kwa ufunguo wake, siyo kwa koleo. Kagua ukazaji wake kila mapumziko, bunduki ikiwa tupu, na usifyatue kamwe mtutu wa nyuzi usiokuwa na mrija wake, maana utaziharibu nyuzi na labda mtutu wenyewe. Kabla ya msimu kufunguliwa, chungulia mitutu kutokea upande wa kitako, bunduki ikiwa imevunjwa na haina kitu. Nyigu wa udongo hupenda sana tundu la milimita 18, na nyumba yake ikikauka humo ni kizuizi tosha cha kupasua chuma mkononi mwako. Toboa kwa ufito wa kusafishia, pitisha kitambaa mpaka kitoke cheupe, kisha andika ubavuni mwa boksi la risasi kwa kalamu ya wino: umbali, choki, na matundu uliyoyahesabu.